Butembo-Beni: Tangi la simenti kwa mhami ni zawadi kwa mwenye parseli

Wasikilizaji na wasomaji wa Butembo, Beni, Oicha, Kasindi na Lubero, tuseme mambo wazi. Mtu anayemshauri mama mhami ajenge tangi kubwa la samaki la simenti ndani ya parseli ambayo si yake, anamwambia avunje sanduku la AVEC ili amjengee mtu mwingine. Na fundi anayesifu ukuta mrefu bila kueleza uzito wa maji, huyo anauza ajali, hata kama bei yake ni ndogo.

Tunalisema hili kwa sababu habari ya kufuga samaki nyumbani imeingia katika vikundi vingi vya akiba. Sababu yake inaeleweka. Familia zilizokimbia mauaji katika mtaa wa Beni tangu oktoba 2014, na zile zilizotoka Kanyabayonga na vijiji vya kusini mwa Lubero baada ya M23 kuingia pale mwisho wa juni 2024, ziliacha mashamba nyuma. Hapa mjini hazina shamba. Zina kipande cha uwanja nyuma ya nyumba ya kukodi au ya jamaa, na zina mikono. Samaki wa ziwa Edouard ana bei, na njia ya kumfikisha sokoni inategemea usalama wa siku hiyo. Mama akisikia kwamba meta nne za uwanja zinaweza kumpa samaki, lazima atasikiliza. Kwa hiyo anayempa shauri awe na adabu ya kumwambia yote.

Tuanze na maji, maana maji hayana upendeleo. Lita moja ina uzito wa kilo moja. Tangi la duara lenye upana wa meta 4 na kina cha meta 1 linabeba karibu lita 12500. Hizo ni tani 12 na nusu, ni kama bido 625 za lita 20. Nani atazichota, kwenye chemchemi gani, na wakati wa kiangazi itakuwaje? Swali hilo halimo ndani ya devi ya fundi. Anaandika simenti, mchanga na siku za kazi, basi. Maji anayaacha juu ya kichwa cha mama na watoto wake.

Jambo la pili ni kina. Wengi wanafikiri ukubwa wa uwanja ndio unaovunja ukuta. Upana una sehemu yake, lakini adui mkubwa ni kina. Maji yakifika meta 1, kila meta moja ya urefu wa ukuta inasukumwa na nguvu ya nusu tani. Yakifika meta 2, nguvu haiwi mara mbili. Inakuwa mara nne, tani 2 kamili. Kwa hiyo fundi akikwambia, "Ongeza kidogo tu, mama, nitakupandishia ukuta mara mbili," muulize kama na chuma na unene vitapanda mara nne. Akicheka, funga mkoba wako. Na umbo lina maana pia. Ukuta wa duara unavutwa sawasawa kila upande, lakini ukuta wa pembe nne unapinda katikati na kupasuka kwenye kona. Anayekujengea sanduku la pembe nne kwa sababu tu linapendeza macho, hakujengei samaki.

Msidhani ni mafundi wa kwetu tu wanaoshindwa na maji. Tarehe 16 desemba 2022, Berlin, Ujerumani, tangi la samaki lililosimama ndani ya hoteli lilipasuka alfajiri. Lilikuwa la plastiki nene ya kuonyesha kama kioo, na lilibeba lita milioni moja. Watu wawili waliumia, na karibu samaki wote 1500 walikufa. Kama lingepasuka saa ambapo watu wamejaa pale chini, habari ingekuwa nyingine. Dubai nako kuna tangi lililofunguliwa 2008 lenye dirisha la plastiki ya namna hiyo. Unene wake ni sentimeta 75, kwa sababu kina kinaitisha unene. Wenye pesa wanalipa unene huo. Sisi tusio na pesa tuna dawa rahisi zaidi: tupunguze kina. Meta 1 inatosha kwa familia. Na matangi mawili madogo ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu moja likivuja au likipata ugonjwa, nusu ya samaki inabaki.

Sasa tuingie kwenye vifaa, kimoja kimoja.

Vioo viache kwa hoteli na saluni. Kioo ni kizuri kwa kutazama samaki, lakini ni kizito, kinavunjika barabarani, na bei yake hailipwi na samaki wa kula.

Kijitangi cha plastiki cha lita 1000, kile chenye kizimba cha chuma, ni kizuri kwa kulea vifaranga. Lakini kabla ya kununua uliza kilibeba nini. Kama kilibeba dawa ya kemia na muuzaji hajui jina lake, kiache pale pale. Kuosha kwa sabuni hakutoshi.

Mabati yana nguvu yakifungwa vizuri katika duara, lakini zinki yake ni sumu kwa samaki. Yasiguse maji, lazima ndani kuwe na bashi.

Simenti ni kifaa bora kwa mtu mwenye ardhi yake. Tunasema hivyo bila kuficha. Ikichanganywa kwa kipimo, ikawekwa chuma, ikalowanishwa angalau siku saba, tangi linadumu miaka mingi. Lakini simenti mpya inatoa chokaa ndani ya maji, na samaki wanakufa. Lazima tangi lijazwe, liachwe siku kadhaa, limwagwe, lijazwe tena, kwa majuma mawili hadi manne kabla ya kuweka samaki. Hesabu tena zile bido 625, mara tatu au mara nne. Fundi aliyekwambia kwamba samaki wanaingia kesho yake, alitaka malipo kesho yake.

Kisha kuna bashi nene, kama ile ya kufunika lori, iliyotandikwa ndani ya duara la nguzo za mkaratusi na mbao, au ndani ya duara la mabati. Kwa tangi letu la meta 4 kwa meta 1, bashi ya meta 6 na nusu kila upande inatosha, na pembezoni inabaki ya kukunjia. Jua linaila, kwa hiyo sehemu inayotokeza juu ya maji ifunikwe. Msumari ukitokeza kwenye mbao, bashi inatoboka. Haifikii umri wa simenti. Lakini ina sifa moja ambayo simenti haitakuwa nayo kamwe: inakunjwa na kubebwa mgongoni.

Hapo ndipo kiini cha ugomvi wetu. Washauri wanalinganisha bei kwa miaka: simenti ni ghali leo, lakini gawanya kwa miaka ishirini, inakuwa nafuu. Hesabu hiyo ni sahihi kwa mwenyeji mwenye parseli. Kwa mhami ni uongo, kwa sababu miaka ishirini si yake. Sheria ya ardhi ya 20 julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali, na wananchi wanapewa haki ya kuutumia kwa karatasi. Mhami hana hata karatasi hiyo; ana neno la mdomo la mwenye nyumba. Siku mwenye nyumba akisema mtoto wake anaoa na anahitaji uwanja, mama ataondoka na masufuria, na tangi litabaki. Siku usalama ukirudi kijijini kwake, ataondoka kwa furaha, na tangi litabaki. Siku risasi zikilia, ataondoka usiku, na tangi litabaki. Katika njia zote tatu anayerithi ni mwingine. Kwa hiyo mhami asigawanye bei kwa miaka ishirini. Aigawanye kwa miezi ambayo ana uhakika wa kubaki pale, na akiona mwezi mmoja wa tangi unazidi kodi ya nyumba, jibu amelipata.

Tunajua tutakavyojibiwa. Wengine watasema tunawafundisha wahami kuishi kama wasafiri daima. Hapana. Ni vita vilivyowafanya wasafiri. Sisi tunakataa tu wapoteze akiba mara ya pili. Wengine watasema bora kuchimba bwawa la udongo kwenye bonde, kwa sababu ni rahisi kuliko yote. Ni kweli, pale penye udongo wa mfinyanzi na kijito, na penye ruhusa ya mwenye bonde. Miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, mabwawa mengi yalichimbwa Kongo, na mengi yalirudi kuwa majani, maana waliochimba hawakuwa ndio walioamua. Somo hilo lingetosha.

Na wako wanaosema, "Shitingi mlizopewa na mashirika si zipo? Tandikeni hizo." Hilo ndilo shauri baya kuliko yote. Shitingi ile ni nyepesi, imefumwa kwa kuzuia mvua, haikutengenezwa kubeba tani za maji. Tena ni paa la mtoto. Asiyeona haya kumvua mtoto paa ili afuge samaki, asiitwe mshauri.

Kuna pia jambo la baridi, ambalo wauzaji wanalipita mbio. Tilapia anakua vizuri katika maji ya digrii 25 hadi 30. Chini ya 20 anakula kidogo na kukua polepole. Butembo iko juu ya meta 1700. Beni, kilometa 54 kutoka hapa, iko chini na ina joto zaidi. Tangi lile lile na samaki wale wale hawatatoa mavuno sawa katika miji hii miwili. Kambale (samaki, si ndugu zetu wenye jina hilo) naye anapenda joto, lakini anaweza kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo anavumilia tangi lisilo na mota pale umeme usipofika. Funika tangi lake, anaruka. Na kumbuka chakula: katika ufugaji, mara nyingi chakula kinapita nusu ya garama zote. Kikundi kikitia sanduku zima ndani ya ukuta, samaki watakula nini?

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Mashirika yanayosaidia ufugaji yasipeleke aina moja ya tangi kwa watu wote. Mwenyeji apewe nafasi ya simenti, mhami apewe nafasi ya kitu kinachobebeka, na wao wachague. Kama mhami anataka simenti hata hivyo, kuwe na karatasi iliyosainiwa mbele ya mkuu wa kartie, inayosema mwenye parseli atalipa nini siku mama atakapoondoka. Fundi aandike devi yenye unene, chuma, kina na maji ndani yake, si jumla ya dola peke yake. Na kikundi kisilipe sehemu ya mwisho mpaka tangi limejazwa hadi juu na kukaa siku saba bila kuvuja.

Mama, baba, ndugu mnaotusikiliza kutoka nyumba za kukodi za Butembo na kambi za Oicha: sanduku la AVEC ni jasho la juma kwa juma. Kabla ya kulifungua, ulizeni swali moja mbele ya kikundi chote, kwa sauti: kesho tukiambiwa tuondoke, tutaondoka na nini mkononi? Mwenye kuuza tangi akikosa jibu, na afunge devi yake aende.