Kidevu nacho ni sehemu ya kichwa!

Wadau, nimekuwa kimya wiki tatu. Nilikuwa nyumbani Mtua, na nilichokikuta huko kimenikera kiasi kwamba nikikipeleka gazetini mhariri atakikata zibaki aya mbili. Hapa mhariri ni mimi, kwa hiyo nivumilieni.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alianguka na baiskeli ya gia, zile za mtumba kutoka Japani. Alikuwa anashuka mteremko, akakuta mchanga, akabana breki ya mbele. Akaruka juu ya usukani na kutua kwa uso. Sasa sikilizeni: alikuwa amevaa helmeti! Nilimnunulia mimi mwenyewe Kariakoo, ile ya wazi inayofunika utosi na kuishia juu ya masikio. Kichwa hakina hata nundu. Lakini taya limevunjika sehemu mbili, na meno manne ya mbele yamebaki pale kwenye mchanga. Amefungwa waya mdomoni wiki sita, anakunywa uji kwa mrija.

Na kijiji kizima kimepata somo lisilo sahihi. "Si mnaona? Helmeti yenyewe haisaidii!" Kinara wa hoja hii ni mjomba. Akaniambia mbele ya watu, "Mpwa wangu, mimi nimepanda Phoenix kwenda Nachingwea miaka thelathini bila hiyo sufuria kichwani."

Mjomba, shikamoo, lakini hapana.

Mjomba anasimulia kwa sababu hakuanguka vibaya. Walioanguka vibaya hawapo barazani kusimulia. Utafiti uliofanywa Seattle, Marekani, ukachapishwa 1989, ulikuta kwamba helmeti ya baiskeli inapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 85. Tafiti za baadaye zimetoa namba ndogo kuliko hiyo, lakini jibu halijageuka. Watafiti haohao walipoangalia uso wakakuta jambo ambalo wauzaji hawalitangazi: helmeti ya wazi inasaidia paji na katikati ya uso, lakini taya na mdomo haiwakingi. Ndicho hasa kilichompata mdogo wangu. Helmeti ilifanya kazi yake yote. Aliyekosea ni mimi, msomi wa chuo kikuu, niliyenunua nusu ya kinga nikadhani nimemaliza.

Mnasema basi anunue ile ya kufunika uso wote, kama ya pikipiki? Haya, ivaeni nyie mwezi wa Oktoba Nachingwea, jua la utosini, unapanda kilima kwa miguu yako mwenyewe na gunia liko nyuma. Utaivua kabla hujafika dukani, utaitundika kwenye usukani, na helmeti iliyo kwenye usukani inalinda usukani. Kwa hiyo mimi natetea ile ambayo wengi wanaiita ya kisharobaro: yenye kinga ya kidevu inayochomolewa. Unapanda kilima ukiwa wazi, unapumua. Ukifika juu unaipachika, unashuka. Haichukui dakika.

Ila hapa ndipo wizi unapoingia, na hapa ndipo nina ugomvi. Zipo kinga za kidevu ambazo ni pambo tu. Kwa baiskeli kuna kiwango cha Marekani kinachoitwa ASTM F1952, cha wale wanaoshuka milima kwa kasi, na hicho kinapima hadi kidevu. Kiwango cha kawaida cha Ulaya, EN 1078, hakigusi kidevu kabisa. Sasa muuzaji anakuonyesha stika ya EN 1078 huku anakugongea kidevu kwa kidole, "ngumu hii bosi!" Stika inazungumzia utosi, yeye anauza kidevu. Kwenye pikipiki ni rahisi zaidi: tafuta herufi za kiwango cha Ulaya kwenye kitambulisho kilichoshonwa kwenye mkanda. P maana yake kidevu kimepimwa kikapita. J ni ya wazi. NP maana yake kidevu kipo lakini hakikulindi. Yaani mtengenezaji mwenyewe amekiri kwa maandishi, wewe tu hujasoma.

Na msichanganye. EN 1078 inaangusha helmeti kwa kasi kama kilomita 19.5 kwa saa. Ya pikipiki, ile ECE 22.05, ilitumia kilomita 27 kwa saa. Nimeona vijana wa bodaboda Ruangwa wamevaa za baiskeli, na abiria mmoja kavaa kofia ya mjenzi! Trafiki kawapungia mkono wapite. Kanuni za bodaboda na bajaji zimekuwepo tangu 2010, TBS ipo, lakini barabarani swali ni moja tu: umevaa au hujavaa? Umevaa nini, hakuna anayeuliza. Matokeo yake tunanunua kofia ya trafiki, si kofia ya kichwa. Kwa pikipiki Mjerumani Otte alionyesha kwamba karibu theluthi ya mapigo kwenye helmeti huangukia eneo la kidevu. Theluthi, jamani! Na bado ukienda dukani kidevu kinahesabiwa kama urembo.

Mtaniambia bei. Kweli ni ghali, na mkulima anayesubiri malipo ya korosho hana pesa ya kuchezea. Lakini tuliuza mbuzi wawili kwa ajili ya taya moja, na meno bado. Hesabu hiyo mjomba hajanijibu mpaka leo, ameanza kuongelea mechi za Namungo.

Ile helmeti ya zamani nimeipasua kwa panga. Mama mdogo alitaka kumpa mtoto wa jirani, "bado nzima hii." Si nzima. Lile povu jeupe la ndani likishabonyea mara moja limekwisha, hata kama gamba la nje linang'aa. Nimewaonyesha ufa wote wa ndani, wamenyamaza.

Ijumaa mgonjwa anafunguliwa waya. Hawezi kuongea vizuri, ila ameshaniandikia kwenye karatasi: hiyo mpya, inakuja kwa rangi nyekundu?