Mashine ya Kukodi, Maarifa Yetu

Huko Mikocheni, wilayani Kinondoni, wataalamu wa kilimo huchunguza virusi vya michirizi ya kahawia ya mihogo, ugonjwa ulioelezwa na H. H. Storey huko Amani mwaka 1936. Temeke nako iko maabara ya magonjwa ya mifugo. Siku hizi uchunguzi wa namna hii hauishii kwenye hadubini.

Jenomu ya kirusi cha michirizi ina herufi 9,000 hivi tu. Lakini mashine ya kusomea DNA hutoa vipande maelfu kwa maelfu, vya kirusi na vya mhogo vikiwa vimechanganyika. Sharti vibovu viondolewe, vya mhogo vitengwe, vilivyobaki viungwe, ndipo vilinganishwe na virusi vinavyojulikana. Kila hatua ina programu yake. Zote kwa pamoja huitwa mtiririko wa kazi.

Kompyuta ya mezani huelemewa na kazi hiyo. Kwa hiyo wengi hushauri tukodi kompyuta zilizo mbali, ziitwazo klaudi. Wengine hupinga, wakisema huko ni kutegemea wageni.

Kwa maoni yangu, utegemezi hauko katika kukodi, bali katika kutojua. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mashine za hesabu kuleta hasara. Mashine hizo zilikuwa hapa hapa nchini, wala hilo halikutuokoa.

Mwezi Agosti 2016 wanasayansi wa Kiafrika wa mtandao wa H3ABioNet walikutana Pretoria, wakatengeneza mitiririko minne. Kila programu ilitiwa katika kasha lake pamoja na vyote inavyovihitaji, na hatua zikaandikwa kwa lugha za kupangia kazi, CWL na Nextflow. Mtiririko wa namna hiyo huendeshwa kwenye kompyuta ya chuo leo, na kwenye ya kukodi kesho. Bei ikipanda, mwenyewe huhama. Mtiririko uliofungwa kwenye mashine moja hauna uhuru huo.

Hata hivyo yapo ya kuangaliwa. Mashine ya kukodi hulipiwa hata ikikaa bure, mradi imewashwa. Vipande vibovu viondolewe hapa hapa Dar es Salaam, ili kinachopelekwa kiwe kidogo. Na DNA ya binadamu si ya kupelekwa ovyo. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Walimu wanaweza kuanza leo, bila kompyuta. Wanafunzi waandike hatua za jaribio lao kwa ukamilifu: vifaa, vipimo na utaratibu. Kisha wawape wenzao wa shule nyingine walirudie bila kuuliza swali. Wakipata matokeo yale yale, maandishi hayo yamekamilika. Wakishindwa, yaandikwe upya.