Marafiki Wawili wa City Park

Watu wanaokwenda kupumzika katika bustani ya City Park mjini Nairobi hutazama kima na miti mikubwa, na wachache tu hufika upande wa makaburi. Huko amelazwa Bwana Pio Gama Pinto, aliyeuawa kwa risasi siku ya Jumatano, tarehe 24 Februari, 1965. Karibu naye amelazwa Bwana Joseph Murumbi, aliyefariki mwaka 1990. Ujirani huo haukutokea kwa bahati; Bwana Murumbi mwenyewe aliutaka.

Murumbi alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911, baba yake Mgoa na mama yake Mmasai. Pinto alizaliwa Nairobi mwaka 1927, naye wazazi wake wote wawili walikuwa Wagoa. Kila mmoja alisomeshwa Bara Hindi. Walipoanza kufanya kazi pamoja, Murumbi alikuwa amekwisha kupita miaka arobaini, na Pinto alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Hata hivyo, katika mambo ya siasa mkubwa ndiye aliyejifunza kwa mdogo, wala hakuona haya kulisema hilo hata uzeeni. Si wazee wengi wawezao kukiri hivyo.

Pinto alioa mwanzoni mwa mwaka 1954. Baba wa mkewe aliwatunza fedha za arusi, na bwana arusi akazitumia kununua mtambo wa kupigia chapa. (Msomaji aliyeoa aweza kukisia maneno yaliyosemwa nyumbani siku ile.) Nusu mwaka haujatimia, akakamatwa chini ya sheria za Hali ya Hatari, akawekwa kizuizini katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, kisha akapelekwa Kabarnet, asiachiliwe mpaka mwaka 1959. Baba yake alifariki naye angali kizuizini.

Mtu aliyepatwa na hayo, nani angemlaumu kama angetafuta raha yake? Yeye alirudi Nairobi akaanza kuzunguka kuwatafutia msaada wenzake waliotoka vizuizini, pamoja na jamaa zao, bila kutazama kabila la mtu. Alipokuwa Mbunge, mwaka 1964, wakubwa wengi walikuwa wakijipatia mashamba. Pinto hakujilimbikizia mali. Alisimama upande wa wasio na ardhi, akasema wazi, na kwa kusema huko akawaudhi watu waliokuwa rafiki zake jana.

Asubuhi ile ya Februari alikuwa ndani ya motokaa, langoni pa nyumba yake huko Westlands, na binti yake mdogo amekaa kiti cha nyuma. Alikuwa na umri wa miaka 37. Kijana mmoja alihukumiwa kwa mauaji hayo, naye akakaa gerezani mpaka mwaka 2001, akikana daima. Aliyetoa amri hajatajwa mahakamani hata leo.

Murumbi wakati huo alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Mwaka 1966 alifanywa Makamu wa Rais, na kabla mwaka haujaisha akajiuzulu. Sababu iliyotangazwa ilikuwa afya yake. Waliomjua walisema kwamba tangu kifo cha rafiki yake, hamu ya kazi ile ilimtoka.

Alikuwa na shamba kubwa Intona, huko Transmara, na angeweza kuzikwa kule. Aliagiza azikwe City Park, karibu na Pinto. Mkewe, Bibi Sheila, amelazwa hapo hapo pamoja naye.