Dawa ya deni kulipa, lakini lianze lipi?

Wahenga walisema dawa ya deni kulipa. Hakuna anayebisha. Lakini usemi huu humkuta mkulima mwezi Februari, mahindi yakiwa bado mabichi shambani, chakula cha ndani kimebaki madebe mawili, mtoto anadaiwa sare za shule, na wadai ni wanne. Mfukoni ana shilingi 20,000. Amlipe nani?

Mara nyingi humlipa anayepiga kelele zaidi. Wiki inayofuata anakopa tena ili kumnyamazisha wa pili. Mwisho wa msimu anajikuta amelipa fedha nyingi kuliko alizokopa, na madeni bado yako pale pale.

Ushauri anaopewa mtu wa namna hii ni kupunguza matumizi na kuweka akiba. Ni ushauri mzuri kwa mwenye cha kupunguza. Familia inayokula ugali na mboga za majani, na inayokwenda gulioni kwa miguu, haina anasa ya kukata. Hata ikikaza mkanda mpaka tundu la mwisho, kitakachopatikana hakitoshi kulipa hata riba.

Kwa maoni yangu, mwenye kipato kinachoishia kwenye chakula hatoki kwenye deni kwa kujinyima peke yake. Hutoka kwa kufanya mambo mawili: kwanza kuliua deni lenye riba kubwa kuliko yote, pili kuyafanya malipo ya madeni mengine yafuate msimu wake wa kipato. Tuliangalie hili kwa hesabu, kwa sababu deni ni hesabu kabla halijawa aibu.

Tuchukue mfano

Tuchukue mfano wa mkulima wa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua kama Ruvuma, Songwe au Rukwa. Anapanda mahindi Novemba na Desemba, anavuna Juni na Julai. Katikati ya hapo anauza nyanya na vitunguu gulioni. Faida yake kwa mwezi ni shilingi 180,000. Chakula, shule, usafiri na dawa vinachukua 160,000. Inabaki 20,000.

Madeni yake ni haya. Anadaiwa 200,000 na mkopeshaji wa mtaani, wale wanaoitwa kausha damu, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Anadaiwa 150,000 na kikoba chake, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi kwa deni lililobaki. Anadaiwa 120,000 na duka la pembejeo, bila riba, alipe akivuna. Na anadaiwa 30,000 za mkopo wa simu. Jumla ni shilingi 500,000.

Riba ya kausha damu peke yake ni 40,000 kila mwezi. Ya kikoba ni 7,500. Jumla 47,500, na yeye ana 20,000. Ina maana kwamba hata asiponunua soda mwaka mzima, deni linaongezeka. Akiendelea kumlipa kausha damu riba tu kuanzia Februari hadi Julai, miezi sita, atakuwa ametoa shilingi 240,000, na zile 200,000 alizokopa bado anadaiwa zote. Hapo ndipo jina la kausha damu lilipotoka.

Sasa tubadilishe mpangilio. Mkulima huyu anauza majogoo mawili kwa 15,000 kila mmoja na kufuta mkopo wa simu. Kisha anakwenda kwenye kikoba chake, anaeleza hali yake bila kuficha, na kuomba 200,000 za kumlipa kausha damu mara moja na kwa ukamilifu. Sasa anadaiwa na kikoba 350,000. Riba yake ni 17,500 kwa mwezi. Zile 20,000 zinazobaki zinatosha kulipa riba hiyo, na chenji ya 2,500 inabaki. Hakuna riba inayolimbikizwa tena.

Julai anavuna. Anatenga kwanza chakula cha familia, kisha anauza magunia 7 kwa 60,000 kila moja na kupata 420,000. Analipa duka la pembejeo 120,000. Zinazobaki, 300,000, anazipeleka kikoba. Deni lililobaki ni 50,000. Kwa kutoa zile 20,000 zake kila mwezi, Agosti anabakiwa na deni la 32,500, Septemba 14,125, na Oktoba anamaliza. Novemba anapanda akiwa hadaiwi na mtu.

Bei na viwango nilivyotumia ni vya mfano, kila mmoja aweke vyake. Lakini angalia kilichobadilika. Kipato hakikuongezeka hata shilingi moja. Matumizi hayakupungua. Kilichobadilika ni deni lipi limelipwa kwanza, na lini.

Kukopa ili kulipa

Msomaji makini atauliza: je, huko si kukopa ili kulipa deni, jambo ambalo tumelikataza? Ni kukopa, ndiyo, lakini kwa masharti matatu. Mkopo mpya uwe na riba ndogo zaidi kuliko wa zamani. Uumalize ule wa zamani kabisa, usiupunguze tu. Na ukishamalizika, usirudi tena kwa mkopeshaji huyo. Sharti moja likikosekana, umejiongezea mdai.

Kikoba nacho kina faida ambayo wengi hawaihesabu. Riba unayolipa inaingia kwenye mfuko wa kikundi, na mwisho wa mzunguko sehemu yake inakurudia kwenye gawio. Riba ya kausha damu haikurudii.

Itakuwaje kikoba kikikataa? Hapo inabidi kuuza kitu. Kanuni ni kuuza kisichozalisha kabla ya kinachozalisha. Redio, kitanda cha ziada, baiskeli isiyotumika, mbuzi mmoja kati ya watano, hivi vinaweza kuuzwa. Ng'ombe wa kukokota plau, pampu ya kumwagilia, cherehani na mtaji wa genge visiguswe, kwa sababu ukiviuza umeuza malipo ya mwakani. Shamba ndiyo kabisa.

Kitu kingine kisichofaa kuuzwa ni mahindi yakiwa bado shambani. Wengi hawauiti mkopo, lakini ni mkopo. Anayekupa shilingi 30,000 Februari kwa gunia ambalo Julai litauzwa 60,000 amekutoza asilimia 100 kwa miezi mitano, yaani asilimia 20 kwa mwezi. Ni kausha damu aliyevaa kofia ya mnunuzi. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaujua mchezo huu kwa jina la kangomba.

Nenda kabla hujaitwa

Kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya matanga watu wengi huzima simu. Hilo ni kosa kubwa. Mdaiwa anayejificha anampa mdai sababu ya kuongeza faini na kumfuata nyumbani. Mdaiwa anayekwenda wiki mbili kabla ya tarehe, akiwa na karatasi yenye hesabu zake, ana nafasi ya kusikilizwa.

Aombe nini? Aombe vitu viwili: riba isimame, na malipo makubwa yahamie mwezi wa mavuno. Akubali kutoa kidogo kila mwezi kuonyesha nia. Wakikubaliana, waandike na kusaini mbele ya shahidi. Makubaliano ya mdomo husahaulika haraka upande wa mwenye fedha. Na kila malipo yawe na risiti, au angalau ujumbe wa simu uliohifadhiwa.

Aidha, mkopaji ajue haki zake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma hawa katika madaraja manne. Kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana wako daraja la pili, na wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania (BoT). SACCOS ziko daraja la tatu, na vikundi kama VICOBA daraja la nne. Kwa wale wa daraja la pili, BoT imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Linganisha na asilimia 20 ya mfano wetu.

Mikopo ya simu nayo iangaliwe. Novemba 2024, BoT ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mitandaoni bila leseni. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali, uliza kama mkopeshaji ana leseni. Kisha usiulize riba tu. Uliza maswali mawili: nitapokea shilingi ngapi mkononi, na nitarejesha shilingi ngapi kwa jumla? Ada ya fomu, bima na makato ya juu kwa juu vyote hujificha kati ya majibu hayo mawili.

Kuhusu dhamana, nyumba ya familia haiwekwi rehani na mtu mmoja kwa siri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya wanandoa haijauzwa au kuwekwa rehani. Mke au mume aliyeona watu wanakuja kupima nyumba bila yeye kujua aende haraka kwa msaidizi wa kisheria au ofisi ya kata.

Ipo pia mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Lakini hiyo ni ya miradi ya vikundi. Anayeichukua kulipa madeni ya nyumbani anakitia kikundi kizima matatani.

Wakopeshaji nao wabadilike

Ni kweli, baadhi ya madeni yanatokana na michango ya sherehe, simu za bei mbaya na kutaka kuonekana. Hilo tusilikwepe. Lakini tukisema kila mdaiwa ni mfujaji, tunawaacha wakopeshaji wasijitazame.

Mahindi hayavunwi kila Ijumaa. Hata hivyo, mkopo wa kununulia mbolea mara nyingi hutolewa kwa masharti ya marejesho ya kila wiki, yakianza wiki ya pili. Mkulima anayalipa kwa nini? Anauza sehemu ya mbolea ile ile, au anakwenda kwa kausha damu. Mkopo uliokusudiwa kuongeza mavuno unayapunguza.

Wakopeshaji husema marejesho ya wiki yanawalinda, kwa kuwa mikopo midogo ina gharama kubwa kuifuatilia na fedha ikikaa muda mrefu kwa mkopaji hupotea. Hoja hiyo ina uzito kwa mwenye genge anayeuza kila siku, na huyo marejesho ya wiki humsaidia. Kwa mkulima, kinachofaa ni kiasi kidogo kila mwezi cha kulipia riba na mtaji wote wakati wa mavuno. SACCOS na vikoba vinaweza kuanza kufanya hivyo hata kesho, kwa sababu masharti hupangwa na wanachama wenyewe kwenye mkutano.

Ninaona pia kwamba kila kikoba kingefaa kutenga sehemu ya mfuko wake kwa ajili ya kuwanunua wanachama kutoka kwa kausha damu. Mwanachama aeleze deni, uongozi umlipe mkopeshaji moja kwa moja, na mwanachama alirejeshee kundi kwa riba ya kundi. Fedha isipitie mkononi mwake. Kikundi kinachoona aibu kuulizana habari za madeni ndicho kinachokuja kuvunjika siku ya mgao, pale inapobainika nusu ya wanachama hawawezi kurejesha.

Kwa mfanyabiashara mdogo, lipo neno moja la ziada. Madeni mnayodaiwa yana ndugu yake, nayo ni madeni mnayodai. Mwenye duka anayelipa riba ya asilimia 20 huku daftari lake lina majina ya wateja waliokopa sukari na mafuta bila riba, anawakopea majirani zake. Afunge daftari kwa mwezi mmoja, akusanye hata nusu, na fedha hiyo iende kwa mdai mwenye riba kubwa.

Basi, kabla ya gulio lijalo, chukua karatasi. Andika kila unayedaiwa naye, kiasi, riba kwa mwezi kwa shilingi, na tarehe. Panga kuanzia riba kubwa hadi ndogo. Jina la juu ndilo la kulipwa kwanza, hata kama mwenyewe ni mpole na wa chini yake ndiye mwenye kelele. Kisha mwonyeshe mwenza wako karatasi hiyo leo jioni.