Mficha Maradhi, Kifo Humuumbua



Serikali inapomkataza mtaalamu kusema alichokigundua, wengi wetu huhisabu kuwa huo ni ugomvi wa wakubwa: wanasiasa upande huu, maprofesa upande ule, na sisi tulio majumbani hatumo. Juma hili tungependa kuonyesha kwamba tumo, na kwamba anayelipa gharama ya ugomvi huo mara nyingi ni yule asiyejua hata kusema. Mfano wetu ni wa Afrika Kusini, na waliolipa huko ni watoto wachanga.

Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali ya Mulago, Kampala, hapa kwa majirani zetu. Mama mwenye virusi vya Ukimwi alipewa kidonge kimoja cha dawa iitwayo nevirapini aliposhikwa na uchungu, na mtoto wake akapewa kipimo kidogo cha dawa hiyo katika siku tatu za mwanzo wa maisha yake. Ikilinganishwa na dawa nyengine iliyojaribiwa pamoja nayo, hatari ya mtoto kuambukizwa ilipungua kwa karibu nusu. Mwaka uliofuata, watengenezaji wake wakajitolea kuzipa nchi zinazoendelea dawa hiyo bila ya malipo kwa miaka mitano.

Afrika Kusini ilikuwa na haja nayo kubwa. Lakini Rais wake wa wakati huo, Thabo Mbeki, alikuwa ameingiwa na shaka iwapo kweli virusi ndivyo vinavyoleta Ukimwi. Mwaka 2000 aliunda jopo la washauri, akawaketisha wataalamu wa maradhi hayo pamoja na watu waliokuwa wakikanusha jambo ambalo ushahidi wake ulikuwa umeshathibiti. Mwezi wa Julai mwaka huo huo, wanasayansi na madaktari zaidi ya 5,000 walitia saini Tamko la Durban, wakieleza kwamba virusi ndivyo chanzo cha Ukimwi na kwamba ushahidi wake uko wazi. Serikali haikuwasikiliza.

Ikaamuliwa kwamba nevirapini itolewe katika vituo viwili tu kwa kila jimbo, yaani vituo 18 kwa nchi nzima, kwa muda wa majaribio. Daktari wa hospitali ya serikali iliyo nje ya vituo hivyo alijua dawa ipo na inasaidia, ila hakuruhusiwa kumpa mama aliyelala mbele yake.

Hata hesabu ya maiti iliingiliwa. Mwaka 2001 Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo, likiongozwa na Profesa Malegapuru Makgoba, lilikadiria kwamba Ukimwi ndio uliosababisha kiasi cha asilimia 40 ya vifo vya watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 katika mwaka 2000. Ripoti hiyo ilicheleweshwa kutolewa, na hesabu zake zikapingwa na serikali. Rais mwenyewe alikuwa amemwandikia waziri wake wa afya akitegemea takwimu za mwaka 1995, ilhali maradhi yalikuwa yameshaenea mno tangu wakati huo. Wahenga wetu walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Waliofungua mlango walikuwa raia. Jumuiya ya Treatment Action Campaign, ambayo ndani yake walikuwemo kina mama wengi wanaoishi na virusi, iliishitaki serikali. Tarehe 5 Julai 2002 Mahakama ya Katiba iliamuru vizuizi viondolewe. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria kwamba kuchelewa kutoa dawa za Ukimwi baina ya mwaka 2000 na 2005 kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000, na kwamba watoto kiasi cha 35,000 walizaliwa na virusi ambavyo wangeweza kukingwa navyo.

Tusidhani kwamba Bwana Mbeki alikuwa adui wa ilimu. Alikuwa msomi, mpenda vitabu, na alisema kweli aliposema kuwa umasikini huzidisha maradhi. Hapo ndipo penye funzo. Katika historia yetu wenyewe, Khalifa al-Ma'mun wa Baghdad aliwatunza wafasiri na wanajimu kuliko watawala wengi. Ni yeye huyo, mwaka 833, aliyeamuru makadhi na wanazuoni watahiniwe, wakiri rai aliyoishika yeye kuhusu Qur'ani. Imam Ahmad bin Hanbal alikataa. Akafungwa, na baadaye, chini ya khalifa aliyefuata, akapigwa mijeledi. Kwa hivyo, mtawala kupenda ilimu hakutoshi kuilinda. Ilimu husalimika pale mtawala anapokubali kuambiwa asiloridhia.

Atauliza mwenye kuuliza: je, wataalamu hawakosei? Hukosea. Lakini kosa la mtaalamu husahihishwa na mtaalamu mwenziwe, kwa ushahidi na hoja zilizo wazi kwa kila mtu. Serikali ina haki ya kuuliza, kutaka ushahidi na kupanga matumizi ya fedha. Haina haki ya kuchagua jibu kabla ya utafiti, wala ya kulifungia kabatini jibu lisilopendeza.

Hapa kwetu, kifungu cha 33 cha Katiba ya mwaka 2010 kimetaja uhuru wa taaluma na wa utafiti wa kisayansi. Maneno hayo yanamhusu mama anayekwenda kliniki ya uzazi kama yanavyomhusu mhadhiri wa chuo. Leo tiba imepiga hatua, na mama mwenye virusi hupewa dawa bora kuliko zile za wakati huo. Amefikiwa na dawa hizo kwa kuwa kuna waliotafiti na wakasema walichokiona.

Basi, wazazi wenzetu, mwanasiasa akisimama jukwaani kupinga kauli ya wataalamu, tumuulize ushahidi wake ni upi, na ni mtaalamu gani aliyeukagua. Ripoti inayohusu maji tunywayo, chanjo za watoto wetu au samaki wa bahari yetu ikizuiliwa, tuidai. Na mtoto akituuliza "kwa nini?" nyumbani, tusimkaripie. Dini yetu imetuelekeza kuwauliza wenye ilimu kwa lile tusilolijua, nao watatujibu kwa ukweli iwapo hawajibu kwa hofu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape wataalamu wetu ujasiri wa kusema, na watawala wetu subira ya kusikiliza. Amin.

Wabillahi tawfiq.