Kama Hawezi Kumjibu Chali, Hiyo Si Romkomu

Wasee, tuache kudanganyana. Kila nikisema romkomu fulani ni takataka, lazima kuna mtu atakuja kuniambia, "Tulia basi, ni muvi ya mapenzi tu." Hiyo "tu" ndiyo imenileta hapa leo.

Kwa chakula hatusemi hivyo. Ukiuziwa smokie iliyoharibika hapo steji, husemi ni smokie tu. Unasimama hapo mpaka pesa yako irudi, na unaambia kila mtu wa mtaa asinunue kwa huyo jamaa. Lakini muvi ikikulia masaa mawili, ikuache ukiwa na hasira na bila kicheko hata kimoja, unasema ilikuwa sawa, haikuwa mbaya sana.

Na hayo masaa mawili si ya bure. Ile Netflix ya bure tuliyopewa Septemba 2021 kwa simu za Android ilizimwa Novemba 2023. Siku hizi ni ulipe kila mwezi, umsumbue binamu akupe paswodi, au ununue bando ya usiku na uombe mtandao usilale kabla yako. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na kazi yangu ni kutazama vitu kisha kuvizungumzia. Bando kwangu ni kama unga. Siwezi kuimwaga.

Sasa mnachagua aje? Wengi wenu mnafungua, mnaona ile safu ya Kumi Bora, mnabonyeza namba moja. Hapo mmeuziwa mbuzi kwa gunia. Mwaka wa 2020 Netflix ilikuwa inahesabu kwamba umetazama muvi ukifikisha dakika mbili. Mbili! Hata chai haijachemka. Mwisho wa 2021 wakahamia kuhesabu masaa, na 2023 wakaanza kugawanya hayo masaa kwa urefu wa muvi. Hesabu imekuwa safi zaidi, sikatai. Lakini hakuna mahali inauliza kama ulipenda. Uliyelala kwa kochi TV ikiendelea kubonga peke yake, umehesabiwa. Uliyetazama ili upate kitu cha kutukana TikTok, umehesabiwa pia.

Hata ile picha ya mbele usiiamini. Desemba 2017 wahandisi wa Netflix wenyewe walieleza hadharani venye picha ya muvi moja inabadilishwa kulingana na anayeiangalia. Mfano wao mmoja ulikuwa Good Will Hunting. Kama wewe ni mtu wa mapenzi, unaweza kuonyeshwa Matt Damon akibusiana na Minnie Driver. Kama wewe ni mtu wa vichekesho, unaonyeshwa Robin Williams. Muvi ni ile ile. Mwezi huo huo wakawatania Twitter watu 53 waliokuwa wametazama A Christmas Prince kila siku kwa siku 18. Watu wakacheka. Mimi naona walituambia ukweli: wanajua nani anatazama nini na mara ngapi, na wanatupikia kulingana na hiyo.

Kwa hivyo kazi ya kuchagua ni yako. Na mimi nina swali moja tu ambalo linanisaidia: huyu dem akimwambia huyu chali "hapana", nini kinatokea? Geuza pia: chali akimwambia dem "hapana", nini kinatokea?

Usidhani nimeleta mahubiri. Hili ni swali la vichekesho kwanza. Sote tumekua tukicheza mchongoano. Unamchongoa mtu, anakurudishia, wasee wanaanguka. Kama mmoja haruhusiwi kujibu, huo si mchongoano tena, ni uonevu, na hakuna anayecheka isipokuwa mwonevu na marafiki zake. Romkomu ni hivyo hivyo. Kicheko kinatoka kwa watu wawili wanaotoshana. Shakespeare alilijua hilo: Beatrice na Benedick wanatupiana maneno kama makanga wawili wanaogombania abiria mmoja, na Anyone But You ya 2023 imetoa stori yake hapo hapo. When Harry Met Sally ina miaka zaidi ya 30, ni ya 1989, na bado inachekesha kwa sababu Harry akileta ujuaji, Sally anamkalisha chini mbele ya mkahawa mzima.

Sasa chukua mwaka mmoja, 2018, na Netflix hiyo hiyo. Kati ya Mei na Agosti walitoa romkomu tatu ambazo nyinyi wote mmezicheki.

Mei ilikuja The Kissing Booth. Noah ameshawaonya wavulana wa shule wasimkaribie Elle, na Elle hakuulizwa. Kuna kijana anamshika Elle makalio shuleni, Noah anampiga, halafu anamlaumu Elle kwa sketi aliyovaa. Baadaye anamfokea aingie garini huku akiligonga gari kwa mkono. Na muziki unatuambia tuyeyuke. Rudia swali: Elle akisema hapana, nini kinatokea? Kelele na ngumi. Sasa niambie, uchekeshaji uko wapi hapo?

Juni ikaja Set It Up. Harper na Charlie ni wasaidizi wa mabosi wawili ambao hawawapi hata nafasi ya kula. Wanapanga njama mabosi wapendane ili wao wapate kulala. Yeyote aliyewahi kufanya atachimenti ya kutumwa chai na fotokopi anaelewa hiyo stori kwa mifupa. Hawa wawili wanachongoana tangu dakika wanapokutana, na Charlie akikosea, Harper anamwambia usoni. Anamsikiza. Inauma. Anabadilika. Hapo ndipo mapenzi yanaanza kuaminika.

Agosti, To All the Boys I've Loved Before. Lara Jean na Peter wanajifanya wapenzi, lakini kabla hawajaanza wanakaa chini na kuandika mkataba. Lara Jean anasema hakuna kubusiana, na Peter anakubali. Yaani wapenzi wa uongo wanaheshimiana kuliko wapenzi "wa kweli" wa ile ya Mei. Na inachekesha, juu kila mmoja ana sauti.

Sikiza hii sasa. The Kissing Booth na To All the Boys zote zilipata sehemu ya pili 2020 na ya tatu 2021. Hesabu ya kampuni haikuona tofauti yoyote kati ya mkataba na ngumi. Tofauti hiyo ni mimi na wewe wa kuiona.

Najua mtaniambia nini. "Watu si wajinga, wanajua muvi ni muvi." Sawa. Sisemi mtu akitazama The Kissing Booth anatoka hapo akiwa muuaji. Hiyo ni stori ya jaba na sitaisema. Lakini tarehe 27 Januari 2024 wanawake walijaa barabara za Nairobi na miji mingine ya Kenya kulilia wenzao waliouawa, na wengi wa hao huuawa na watu waliowajua, watu waliowaita wapenzi. Mwanaume anayeamua unaongea na nani, anayekasirikia nguo zako, anayekufokea uingie garini, huyo tunamjua. Ana majirani. Na kila siku naona komenti za maboyz na wasichana wa miaka 16 wakiandika kwamba bila wivu hakuna mapenzi. Hiyo lugha wanaitoa mahali. Wengi wetu hatukukalishwa chini nyumbani tukafunzwa mapenzi. Mathe alisema "soma kwanza", mzee akanyamaza, na muvi ikachukua nafasi ya mwalimu. Mimi ni chali, na naongea na machali wenzangu hapa: ukiona mhusika kama Noah, jiulize ungependa dadako amlete nyumbani?

Wengine mtasema, "Nimetoka kazini, nimekwama kwa jam masaa mawili, nataka kupumzika, sitaki mtihani." Na mimi ndio nakutetea! Set It Up haina mtihani. Ni nyepesi, inapita haraka, unalala ukitabasamu. Hakuna mtu alisema muvi nyepesi lazima iwe mbovu. Chapati ni chakula chepesi kupenda, lakini bado unajua ya nani ni nzuri na ya nani ni mpira.

Na za nyumbani zisiombe alama za bure. Disconnect ya 2018, ile ya marafiki wa Nairobi wanaohangaika na mapenzi, ipime kwa swali hilo hilo. Kuona mitaa unayoijua na kusikia mtu akiongea kama wewe ni raha, lakini raha hiyo haimfundishi mhusika kusikiza. Kama tunaweza kutengeneza, tunaweza pia kukosolewa. Tena Mkenya tayari ametuonyesha. Look Both Ways ya Netflix, 2022, ameiongoza Wanuri Kahiu. Natalie anapima mimba usiku wa kumaliza chuo, na maisha yake yanagawanyika mara mbili: kwa moja anarudi kwa wazazi Texas kulea, kwa nyingine anaenda Los Angeles kutafuta kazi ya katuni. Wanaume wapo, mapenzi yapo, lakini muvi haiulizi nani atamchukua. Inauliza atakuwa nani. Kwa mtu kama mimi aliyeambiwa kwamba bila digrii maisha yameisha, hiyo muvi ilistahili kila MB.

Basi wikendi hii fanya hivi. Wacha Kumi Bora ilale. Chagua moja, ipe dakika 20. Angalia kama wote wawili wanatoa utani au mmoja anatoa na mwingine anacheka tu. Angalia kama dem ana kazi, rafiki au ndoto ambayo haihusu chali. Ngoja "hapana" ya kwanza itamkwe, hata ikiwa ni ya kitu kidogo kama kukataa kunywa au kucheza densi, na uone kama imesikika. Kama haijasikika, toka. Usingoje eti itakuwa poa mwishoni. Mwishoni watabusiana kwenye mvua na utasahau kila kitu.

Na kabla hujatoka, bonyeza kidole gumba kikiangalia chini. Dakika zako washazihesabu. Wahesabu pia kwamba hukupenda.