Kompyuta hudanganyika, injini haidanganyiki

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii nimewafundisha wanafunzi kwa miaka mingi, wala sikudhani kwamba ningekuja kuielewa vyema nikiwa nimesimama kando ya barabara ya Kinungi, nikiitazama injini iliyokwisha kufa.

Gari lilikuwa la mpwa wangu. Lilitumika Japani kabla ya kuletwa hapa nchini, nalo lina tabo, yaani kile kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini yenyewe ili kiisukume hewa ndani ya silinda kwa nguvu. Wiki mbili kabla ya safari hiyo, kijana alikuwa amelipeleka katika gereji moja jijini Nairobi ili liongezwe nguvu. Fundi aliongeza shinikizo la tabo. Kisha, ili gari lisilegee kila jua linapowaka, alikitoa kihisi cha joto la hewa na mahali pake akatia rezista ya shilingi chache. Tangu siku hiyo kompyuta ya gari iliamini kwamba hewa inayoingia ni ya nyuzi 20 tu, iwe alfajiri au adhuhuri.

Tulikuwa tukirudi kutoka Naivasha, mchana wa jua kali. Kwa muda mrefu tulijikokota mlimani nyuma ya malori. Nafasi ya kuyapita ilipopatikana, mpwa wangu alikanyaga mafuta hadi mwisho. Tukasikia mlio kama wa changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo, moshi ukafuka nyuma, na gari likaishiwa nguvu tukiwa upande usio wetu wa barabara, huku matatu ikitujia. Tulinusurika kwa rehema za Mungu. Fundi mwingine alipoifungua injini, alikuta pistoni moja imepasuka.

Siyasimulii haya kwa nia ya kumwaibisha mtu. Nayasimulia kwa sababu naamini kwamba kosa lile halikuanzia gerejini. Lilianzia darasani.

Kila mwanafunzi wa fizikia katika shule ya upili hufundishwa kwamba gesi ikipashwa joto bila shinikizo kubadilika, hutanuka. Mpwa wangu aliikariri kanuni hiyo ya Charles akapata alama nzuri. Hakuna aliyemwambia kwamba kanuni yenyewe imo chini ya boneti. Hewa ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 50, shinikizo likiwa lile lile, silinda hupata hewa pungufu kwa takriban asilimia 9. Aidha, tabo haiwezi kuikandamiza hewa bila ya kuipasha moto, kama vile pampu ya baiskeli inavyopata moto mkononi. Hewa ya nyuzi 25 ikikandamizwa hadi shinikizo lake liwe maradufu, hata mashine isiyo na kasoro ingeitoa ikiwa na nyuzi 90 hivi. Tabo halisi huitoa ikiwa imepita 100. Ndiyo maana hewa hiyo hupitishwa kwanza katika rejeta yake maalumu, ambayo mafundi huiita intakula, ili ipoe.

Sisi tunaoishi bara tuna sababu ya ziada ya kujihadhari. Mombasa, pwani, shinikizo la hewa ya kawaida ni kilopaskali 101 hivi. Nairobi, mahali palipo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ni takriban 83. Anayetaka hewa ifike kilopaskali 200 ndani ya injini, Mombasa tabo yake itaizidisha mara mbili. Nairobi itabidi iizidishe mara 2.4, na joto litapanda zaidi. Kinungi iko juu zaidi ya Nairobi. Isitoshe, intakula hutegemea upepo wa mwendo. Gari likijikokota nyuma ya malori, upepo huo haupo, na intakula yenyewe huwa moto. Katika hali hiyo ndipo mpwa wangu alipodai nguvu zote kwa mara moja.

Kihisi kingetusaidiaje? Ni kidude kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyoongezeka, na kwa njia hiyo kompyuta hujua hali ya hewa inayoingia. Ikifahamishwa kwamba hewa ni moto, huichelewesha kidogo cheche ya plagi. Husaliti nguvu kidogo ili iiokoe injini, kwa kuwa mchanganyiko wa petroli na hewa yenye joto kali huweza kulipuka wenyewe kabla ndimi za moto kutoka kwenye plagi hazijaufikia. Huko ndiko kugonga tulikokusikia. Ni kweli kwamba magari mengi yana kihisi kingine cha kusikiliza mgongano huo, lakini hicho hupiga kamsa baada ya mwizi kuingia. Kihisi cha joto huonya mwizi akiwa bado mlangoni.

Yamkini mafundi watanijibu kwamba kihisi nacho husema uongo. Sitawabishia kwa pupa, kwa maana wana hoja. Gari likiegeshwa baada ya safari, chuma cha injini hukipasha moto kihisi kilichofungwa humo, nacho hutoa habari za chuma badala ya habari za hewa. Gari likiwashwa tena, huwa zito kwa muda bila sababu ya haki. Tena yako magari ambayo kihisi chake kimewekwa karibu na chujio la hewa, kabla ya tabo. Hicho hakijui lolote kuhusu moto ambao hewa itaupata mbele ya safari.

Mimi ni mwanaisimu, si mhandisi, lakini hapa ndipo ninapopata la kusema. Neno hupata maana kutokana na mahali linaposemwa na anayelisema. Nyuzi 40 zinazotamkwa na kihisi kilicho kando ya chujio na nyuzi 40 zinazotamkwa na kihisi kilicho baada ya intakula ni tarakimu moja yenye maana mbili. Msikilizaji asiyeelewa maana hamkati mnenaji ulimi. Humuuliza yuko wapi. Vivyo hivyo, kihisi kilichowekwa mahali pabaya dawa yake ni kukihamishia baada ya intakula, mbali na chuma cha moto, na kuchagua cha aina iliyo wazi, ambacho huhisi mabadiliko ya hewa upesi. Kisha kompyuta ielekezwe upya kulingana na mahali hapo. Kukiziba kinywa kwa rezista si ufundi.

Kwa hivyo, yeyote anayetaka gari lake liongezwe nguvu na adai kuonyeshwa joto la hewa kabla na baada ya intakula, tena si gerejini tu ambako boneti iko wazi na feni kubwa inapuliza, bali mlimani, gari likiwa limeshiba watu. Joto likizidi kupanda kila linapokanyagwa, kwanza hewa ipozwe, shinikizo lingoje.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Fizikia yetu hufundishwa kwa Kiingereza, na gereji zetu huzungumza Kiswahili. Anayeijua kanuni hajui jina la kidude, na anayekijua kidude hajawahi kuisikia kanuni ikisemwa kwa lugha yake. Baina ya wawili hao ndipo rezista ile ilipopata mwanya. Mwalimu hahitaji maabara ya kifahari ili auzibe. Kihisi kuukuu kutoka kwa fundi, kipimaumeme, bilauri ya maji ya moto na nyingine ya maji baridi vyatosha kwa kipindi kimoja. Wanafunzi wauone ukinzani ukishuka na kupanda, waueleze kwa Kiswahili kama wanavyoueleza kwa Kiingereza, kisha mwalimu awaulize: nini kitatokea iwapo kidude hiki kitasema nyuzi 20 ilhali hewa ina nyuzi 80?

Mpwa wangu angeulizwa swali hilo, angelijibu. Nilipomuuliza baada ya ajali, alinyamaza kitambo, akasema, "Mjomba, hii niliifanya kwenye mtihani." Injini nyingine amekwisha kuinunua kwa mkopo, na kihisi kimerudishwa mahali pake. Rezista nimemwomba anipe. Nitawapelekea wanafunzi wangu darasani, siku nitakapoifundisha tena methali ya mficha maradhi.